Zulia la Ukumbi wa Sita

Wasemao kizuri chajiuza
hawajawahi kukunja zulia
usiku wa Jumamosi, Plovdiv,
taa nusu zimezimwa, mgongo umekataa.

Mimi nimekunja miaka kumi na tisa.
Natandika kabla hawajaja, nabandua wakishaondoka,
na katikati sina kazi ila kutazama viatu.
Zulia halijui bei wala hotuba.
Linajua tu nani alisimama, na wapi.

Mwaka jana banda kubwa lilikuwa la matrekta.
Maporomoko ya maji ya kweli, skrini pana kama ukuta wa kanisa,
kahawa ya bure, wahudumu wawili wa kukodi
waliofundishwa kutabasamu, hawakufundishwa gia.
Wenye kampuni walikaa nyuma ya meza
wamejipanga kama mahakimu,
vichwa vimeinamia simu.
Wakulima walipita, wakatazama maji, wakapiga picha ya maji,
wakaenda.
Nilipolibandua lile zulia jekundu
nyuzi zake bado zilikuwa zimesimama wima.
Ningeweza kulirudisha dukani.
Chini ya viti tu palikuwa pamelika:
visigino vya watu wanaosubiri saa kumi na mbili.

Sasa njoo huku, karibu na choo,
mita sita za mraba, nguzo katikati,
banda ambalo hata ramani ililisahau.
Rumyana Delcheva, muuza mipira ya pampu,
vitu vya kuenea kiganjani, vyeusi, visivyo na sura.
Siku ya kwanza aliisukuma meza mpaka ukutani,
akasimama mbele yake, mikono mitupu,
na pampu kuukuu inavujia kwenye karai:
to, to, to.
Mkulima hapiti maji yanayopotea bila kugeuka.
Hakusema "karibu." Hakusema "sisi ndio bora."
Aliuliza, "Kwako kunavuja wapi?"
Kisha, na hapa ndipo wengi huanguka, akanyamaza.

Mzee mmoja wa Asenovgrad alieleza nusu saa
habari za kisima, za mwanawe, za mfereji wa jirani.
Rumyana akaandika kwa penseli, mstari kwa mstari,
kisha akampa bisibisi afungue mwenyewe.
Zulia pale lilitoboka. Nilikuta saruji inachungulia.
Nikapiga magoti, nikaligusa tundu
kama mama anavyogusa goti la suruali
ya mtoto aliyecheza vizuri.

Lakini nisikudanganye kwamba miguu ndiyo yote.
Gencho, muuza mizinga ya nyuki, banda arobaini na moja,
zulia lake nalo lililika sawasawa.
Alisimama, aliuliza, alisikiliza, alionjesha asali kwa kijiti.
Jumamosi akafungasha haraka, furaha imemlevya,
akaondoka anapiga mluzi.
Nyuma ya pazia nikakuta boksi la viatu:
kadi mia moja na arobaini, zimefungwa kwa mpira,
na juu yake mwandiko wake mwenyewe:
*Piga simu Jumatatu.*

Ofisini wakasema hawana anwani yake mpya.
Boksi likakaa juu ya friji yetu
hadi Ginka, mke wangu, akalichoka.
Machi, jioni moja, sijui nini kilinituma,
nikachomoa kadi, nikapiga.
Akaitika mwanamke, nyuma yake mbwa anabweka.
Nikasema napiga kuhusu mizinga.
Kimya. Kisha:
"Nilingoja mpaka theluji ikaanguka.
Nimeshanunua kwa mwingine. Si mizuri kama yenu."

Nikaomba radhi kwa kosa lisilo langu.

Kesho kutwa milango inafunguliwa tena.
Zulia ni la kijani safari hii, la bei nafuu, linanuka gundi.
Rumyana ameomba banda lile lile la choo.
Nimemtandikia matabaka mawili.